Kutoka Jiko la Bwana hadi Hoteli Yake Mwenyewe: Habari za Wapishi wa Nyanza ya Kusini



Katika taarifa ya mwaka ya chama kama hiki ni desturi, baada ya hesabu za fedha na majina ya waliotutoka, kuweka kurasa chache za habari za kale, ili vijana wapate kujua baba zao walipita wapi. Habari hizo kwa kawaida huwa za machifu, za walimu na za wachungaji. Wapishi hawaandikwi, ingawa watu wengi wa Homa Bay na Migori walilipa kodi ya nyumba na karo za watoto wao kwa mshahara uliotoka jikoni. Mwaka huu na tuwape zamu yao.

Swali tutakalolifuata ni moja. Mpishi wa kwetu alijua kuoka mkate, kuchoma nyama ya tanuri na kutengeneza supu tangu siku za vita vya kwanza vya dunia. Kwa nini basi ilipita miaka thelathini na zaidi kabla yeye na wenzake hawajaonekana kwa wingi wakiuza chakula katika nyumba zilizo mali yao? Walikuwapo watu wakati ule waliosema kwamba Mwafrika hana akili ya biashara. Mambo yaliyotukia yaonyesha sababu nyingine, nazo zina mafunzo kwetu hata leo.

Nchi yetu, iliyoitwa South Kavirondo na baadaye South Nyanza, haikupitiwa na reli. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, na watu wa kusini waliifuata kwa miguu au kwa vyombo vya ziwani. Mwaka 1906 misheni ya Waadventista ilianzishwa Gendia, karibu na Kendu Bay, na Arthur Carscallen pamoja na mwenziwe Peter Nyambo, mtu wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Misheni ilileta kalamu na Serikali ikaleta kodi. Kodi ilitaka fedha mkononi, wala haikungoja mtama uive. Vijana wakatoka kutafuta kazi: wengine mashamba ya chai ya Kericho, wengine mashamba ya mkonge, wengine migodini, kama ule wa Macalder huko Migori uliofungwa mwaka 1966. Na wengine waliingia katika majiko ya Wazungu wa Kisumu na Nairobi.

Kazi hiyo ilikuwa na ugeni wake. Kwa desturi ya Wajaluo jiko ni la mwanamke, na mwanamume mzima hasogezi kiti karibu na chungu. Kijana aliyeondoka kwao bila kupata kusonga ugali hata siku moja alirudi likizo akijua kuoka keki. Mzee aliyetaka kucheka alinyamaza alipowekewa rupia, na baadaye shilingi, katika kiganja. Lakini ujuzi wenyewe haukupata mahali pa kukaa nyumbani. Ulibaki mjini pamoja na tanuri la bwana, na mpishi alipostaafu ulikaa naye kimya chini ya mti.

Mfano ulio mashuhuri kuliko yote ni wa Hussein Onyango Obama, mzaliwa wa upande wa Kendu Bay, aliyezaliwa karibu mwaka 1895. Habari zake zimejulikana duniani kwa sababu mjukuu wake, Barack Obama, alizieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1995, kabla hajawa Rais wa Marekani, cheo alichokishika tangu 2009 hadi 2017. Onyango alijifunza kusoma na kuandika mapema, akavaa nguo za Kizungu wakati majirani walipoziona kuwa kituko, akaenda Nairobi kwa miguu. Huko alifanya kazi ya upishi katika nyumba za Wazungu. Safari zake zilimfikisha Unguja, akasilimu na kulichukua jina la Hussein. Katika vita vya pili vya dunia alikwenda ng'ambo, hadi Burma, akimpikia afisa wa Kiingereza.

Ndugu wasomaji, tafakarini mtu huyu alikuwa na nini mkononi. Alijua lugha ya Kiingereza, aliweza kufuata maelekezo ya upishi yaliyoandikwa, alijua usafi wa meza, na alikuwa ameona miji mingi. Lakini thamani yake iliandikwa na mkono wa mtu mwingine. Mbali na kipande, ambacho wanaume Waafrika walianza kulazimishwa kukichukua katika miaka ya 1919 na 1920, watumishi wa nyumbani walikuwa na kitabu chao cha kuandikishwa, na ndani yake kila mwajiri aliandika maoni yake. Mjukuu wake asimulia kwamba katika kitabu cha Onyango mwajiri mmoja alimsifu kwa ufundi wa vitu vya kuoka, na mwingine akaandika kwamba hastahili kulipwa shilingi 60 kwa mwezi. Mtu ni yule yule na mikono ni ile ile. Mpishi hakuwa na daftari la kuandika maoni yake juu ya bwana.

Alipomaliza kazi ya mshahara, Onyango hakufungua nyumba ya chakula. Jasho lake aliligeuza ardhi, mifugo na miti ya matunda, akahama kutoka Kendu hadi Alego, mahali paitwapo Kogelo, akawa mkulima hodari. Hatumlaumu. Ardhi ya ukoo ilikuwa mali pekee ambayo mtu wa namna yake aliweza kuimiliki bila kuomba ruhusa ya mtu wa mjini. Lakini hebu tumlinganishe na mpishi mwingine wa mbali, ili tuone tofauti yao ilikuwa wapi.

Katika mji wa Paris, nchi ya Ufaransa, katika miaka ya 1780, alikuwapo mtu aliyeitwa Antoine Beauvilliers. Alikuwa amepika katika nyumba ya ndugu yake mfalme. Akaliacha jiko la bwana, akafungua nyumba yake mwenyewe ya kulia chakula, yenye meza nzuri na watumishi waliovaa vizuri, na watu wakubwa wakaja kula kwa fedha zao. Siku hizo hata huko Ufaransa kuuza chakula kulifungwa na sheria za vyama vya mafundi: mwenye kuuza nyama ya kuchoma na mwenye kuuza mchuzi kila mmoja alikuwa na haki zake. Mapinduzi yalitokea mwaka 1789, vyama hivyo vikafutwa mwaka 1791. Mabwana wengi walikimbia nchi, wapishi wao wakakosa kazi, na baadhi yao wakafuata njia ya Beauvilliers. Basi hata huko ujuzi ulikuwapo kabla ya mlango kufunguliwa. Mlango ulikuwa sheria, mtaji, nyumba iliyo mahali pazuri, na wateja wenye fedha.

Turudi Kenya tuuangalie mlango wa kwetu. Ulikuwa na makufuli matatu.

Kufuli la kwanza lilikuwa kiwanja. Nyumba ya chakula hustawi penye watu wapitao, yaani kituo cha motakaa, gati la meli na soko. Viwanja vya namna hiyo katika miji na vituo vya biashara vilitolewa na Serikali kwa masharti, na katika nchi yetu vingi vilishikwa na wafanyabiashara wa Kihindi. Mwafrika mara nyingi alibakiwa na kibanda sokoni, ambacho hakuweza kukiweka rehani, kwa kuwa hakuna mkopeshaji anayepokea rehani ya makuti.

Kufuli la pili lilikuwa mkopo. Sheria ya mwaka 1903 ilizuia madeni ya biashara baina ya wageni na Waafrika kudaiwa kwa urahisi mahakamani, na sheria nyingine ya mwaka 1948 iliweka kikomo cha shilingi 200, ila kama deni limeidhinishwa na afisa wa Serikali. Ilisemwa kwamba nia ni kumlinda Mwafrika asinaswe na madeni. Lakini mwenye hoteli huishi kwa kupewa sukari, unga na majani ya chai leo akalipa mwisho wa mwezi. Mwenye duka la jumla akijua kwamba hawezi kumdai mtu mbele ya hakimu, hatampa gunia. Ulinzi wa namna hiyo ulikuwa sawa na kumfunga mtu miguu ili asianguke.

Kufuli la tatu lilikuwa rangi. Hoteli ya Stanley ilianzishwa Nairobi mwaka 1902 na mwanamke wa Kizungu, Mayence Bent, na hoteli ya Norfolk ilifunguliwa mwaka 1904. Katika nyumba za namna hiyo Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni, wala hakukaribishwa mezani kama mgeni, na ubaguzi huo uliendelea hadi miaka ya 1950. Kwa hiyo mpishi aliyejua chakula cha Kizungu hakuwa na mtu wa kumuuzia. Wazungu hawakuja kula kwake, na watu wake mwenyewe hawakuwa na haja ya pudini.

Hapo ndipo palipozaliwa kitu kipya, nacho ndicho hoteli kama tunavyoifahamu sisi: nyumba ya bati, mabenchi, birika kubwa la chai ya maziwa, maandazi, chapati, maharagwe, nyama na ugali. Baada ya vita kwisha mwaka 1945, askari walirudi na akiba zao. Baadhi yao walifungua maduka, wengine walinunua mashine za kusaga, na wengine hoteli. Jeshi lilikuwa limewafundisha wapishi wake jambo ambalo jiko la bwana halikufundisha, yaani kupika kwa mizani na kuwalisha watu mia kwa saa moja. Mwaka 1947 Luo Thrift and Trading Corporation iliandikishwa, Oginga Odinga akiwa mbele, ili watu waweke akiba zao pamoja na kufanya biashara kwa jina la wengi. Jengo lake la Ramogi House pale Kisumu liliwaonyesha watu kwamba shilingi ndogo ndogo zikikusanywa zaweza kununua kiwanja cha mjini.

Lakini hoteli nyingi za wakati huo zilifunguliwa kwa shangwe na kufungwa kimya kimya. Sisi makarani twajua mahali zilipovujia. Natoa mfano wa hesabu kwa bei za kubuni. Tuseme mwenye hoteli amenunua samaki 20 kwa shilingi 200 kila mmoja, jumla 4,000. Amewauza wote kwa shilingi 350 kila mmoja, jumla 7,000. Jioni anaona shilingi 3,000 zimezidi, anafurahi, ananunulia rafiki zake bia. Lakini mafuta yalikuwa 500, makaa 400, unga na mboga 600, mishahara ya vijana 700 na kodi ya nyumba 300, jumla 2,500. Faida ya kweli ni shilingi 500 tu. Na kama binamu zake wawili walikula samaki wakasema watalipa kesho, shilingi 700 hazimo sandukuni, na siku ile amepata hasara ya shilingi 200. Mpishi aliyepikia fedha za bwana hakuwa na haja ya kuijua hesabu hii, maana gharama zote zilikuwa juu ya bwana. Siku alipokuwa mwenye mali ilimbidi awe mpishi, karani na mkusanya madeni kwa pamoja.

Jambo la binamu lataka neno zaidi, kwa kuwa wazee watasema: je, mtu amnyime ndugu yake chakula? Hapana. Mgeni wa nyumbani hula nyumbani, kwa sufuria ya nyumbani. Chakula cha hoteli ni mali ya hoteli, na akimkirimu ndugu hana budi kulipa yeye mwenyewe kutoka mfukoni mwake na kuandika daftarini. Kwa njia hiyo ukarimu hubaki, na duka pia hubaki.

Pamoja na hesabu kuna afya. Tom Mboya, ambaye asili yake ni kisiwa cha Rusinga, kabla ya kuwa kiongozi wa wafanyakazi na waziri, alisomea ukaguzi wa afya katika Jeanes School, Kabete, kuanzia mwaka 1948, kisha akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Alieleza baadaye jinsi mwanamke wa Kizungu alivyoleta maziwa yapimwe, akamwona amesimama pale, akauliza kama hakuna mtu. Mtu aliyepewa na sheria mamlaka ya kusema maziwa haya yanafaa au hayafai alihesabiwa kuwa si mtu. Lakini kazi yenyewe ilikuwa ya heshima na ya lazima. Wako wenye hoteli wamwonao mkaguzi kuwa adui. Ukweli ni kwamba mteja mmoja akiugua tumbo, habari hufika sokoni kabla yake. Cheti cha daktari cha mpishi, choo safi na maji yaliyofunikwa ni matangazo ya biashara kuliko ubao uliopakwa rangi.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963 makufuli yale yalianza kufunguliwa. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 ilitenga sehemu na bidhaa kadha wa kadha kwa ajili ya wananchi. Mwaka 1975 Chuo cha Utalii kilifunguliwa Nairobi, na tangu hapo kijana aliweza kupata cheti cha upishi chenye muhuri, badala ya kitabu chenye maoni ya bwana. Tofauti hiyo si ndogo. Cheti ni mali ya mwenyewe, na mwajiri akikasirika hawezi kukifuta.

Hata hivyo, tukitazama kando ya ziwa leo, twaona kwamba wengi walioupita mlango si wale waliopika katika nyumba za Wazungu. Ni wanawake. Wale ambao desturi iliwaachia jiko walilichukua jiko hilo hilo hadi sokoni. Pale Homa Bay, Mbita, Sori na Muhuru Bay, mwanamke hununua samaki ufuoni, humkaanga au humpika kwa mchuzi, humuuza pamoja na ugali na mboga za kienyeji, na kwa faida husomesha watoto. Mbuta, samaki mgeni aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, alipozidi sana katika miaka ya 1980, minofu ilipelekwa viwandani na ng'ambo, na kwetu ikabaki mifupa yenye nyama kidogo, iitwayo mgongo wazi. Wanawake wakaikaanga hata hiyo na kuiuza. Huo nao ni upishi, na ni biashara.

Na chakula hicho kimepata heshima iliyokosa zamani. Pale Nairobi mkahawa wa Mama Oliech, ulioanzishwa na marehemu Mary Auma Oliech, mama wa mchezaji mashuhuri wa mpira Dennis Oliech, ulijulikana kwa samaki na ugali. Mwezi wa Septemba 1 mwaka 2016 Mark Zuckerberg, mmoja wa matajiri wakubwa wa Marekani, alipozuru Nairobi, alikula chakula hicho kwa mikono. Miaka ya nyuma mpishi wetu alijifunza chakula cha mgeni ili apate mshahara. Sasa mgeni aja mezani petu kula chakula chetu na kulipa. Wala haikuhitajiwa keki.

Sasa, wazee na ndugu, habari hizi zatuhusuje katika chama? Twajua kwamba vyama vyetu vya ustawi vimezoea kukusanya michango kwa ajili ya maziko, na jambo hilo ni jema, maana maiti wa ndugu hazikwi na mgeni. Lakini mtu aliyeishi miaka arubaini akiwa mpishi wa wengine huchangiwa siku afapo, hali siku aliyotaka kiwanja hakuna aliyemchangia. Makufuli ya sheria yamekwisha kufunguliwa. Yaliyobaki ni kiwanja, mtaji na daftari, nayo yamo katika uwezo wetu.

Kwa hiyo mwandishi aiomba Halmashauri ifikirie mambo matatu. Kwanza, sehemu ya akiba ya mwaka itengwe kwa mkopo wa riba ndogo kwa wanachama wapishi, wanaume kwa wanawake, watakaoonyesha cheti cha afya na leseni ya kaunti. Pili, makarani wa chama wafundishe hesabu za daftari jioni, bila malipo, kwa yeyote mwenye hoteli au kibanda cha samaki. Tatu, wazee waliopata kupika katika nyumba kubwa, katika meli au jeshini, wakaao sasa nyumbani, waitwe kuwafundisha vijana kabla ujuzi wao haujaenda nao kaburini.

Mkopo ukitolewa utatakiwa kurudishwa, na atakayeshindwa kulipa asilindwe kwa kuwa ni mwana wa fulani. Fedha hizo ni za wajane na za mayatima. Lakini zikikaa bure katika benki zikingoja msiba, zitakuwa zimefanya nusu tu ya kazi yake. Halmashauri ikikubali, hesabu ya mikopo hiyo itaandikwa katika taarifa ya mwaka ujao, jina kwa jina na shilingi kwa shilingi, ili kila mwanachama aione.